Blanketi Bila Siagi

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita: mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa kreni, na mliniacha nimekaa kitako sakafuni, suruali yake ya kazi mapajani, natazama mshono ambao sikuushona mimi.

Msinicheke. Wanawake wengine hukuta ujumbe kwenye simu. Mimi fundi nilikuta uzi.

Suruali ilikuwa imepunguzwa kiunoni. Imepunguzwa! Mwanamume ambaye nguo zake zote tangu tuoane zimepita chini ya sindano yangu alikuwa amepeleka kiuno chake kikapimwe kwingine. Nikahisi damu inapanda kichwani taratibu, na ilipofika juu haikushuka tena.

Lakini kabla hamjamtupia mawe, ngoja niseme jambo ambalo hata mama yangu mzazi sijamwambia.

Daktari wa kazini kwake alimpa onyo: apungue, la sivyo ashuke kwenye kreni akasukume toroli. Na chakula kinachomnenepesha hakihitaji kupelelezwa. Kwetu tunakiita Blanketi. Chini nyama ya kusaga, juu yake viazi vilivyopondwa kwa siagi na krimu, jibini juu kabisa, kisha oveni mpaka uso uwe wa kahawia. Mama yake alimlea kwa hicho. Akifurahi anataka Blanketi. Akifokewa kazini anataka Blanketi. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme kabisa.

Nikamwahidi Blanketi jepesi. Nyama nikaipunguza nikatia dengu. Viazi nikavipunguza nikatia koliflawa. Krimu ikatoka, mtindi ukaingia. Jibini nikaipitisha tu juu juu, ili ionekane ilikuwepo. Siagi nikaifungia kabatini na ufunguo nikautia kwenye kopo la vifungo.

"Ni kitamu," alisema siku ya kwanza, na kila tonge akisukuma kwa maji.

Kontena lake la chakula cha mchana likawa linarudi nusu. Jitu zima, juu ya kreni, jua kali, na njaa. Roho ikaniuma, jamani. Mimi nimempenda mtu huyu akiwa na tumbo lake, sikumpenda kwa picha ya mwanamume mwembamba ukutani hospitalini.

Basi asubuhi moja nikafungua kabati, nikachota siagi kijiko. Kesho yake nikachota kingine, cha mlima. Krimu ikarudi. Viazi vikarudi vyote. Dengu nikazibakiza chache na koliflawa kipande hapa na pale, mashahidi wa uongo. Nikamwambia, "Nimegundua namna mpya ya kulipika. Bado ni jepesi lile lile, ila sasa lina ladha."

"Kweli?" aliuliza, na macho yakamwaka.

"Kweli."

Nilimdanganya mume wangu, tena huku nikimfungia kontena na kumtakia kazi njema. Tangu siku hiyo likawa linarudi tupu. Tena limeoshwa!

Sasa msomaji, nisaidie. Mtu anakula siagi kila mchana, halafu suruali inapunguzwa. Inawezekana vipi? Ama ni mgonjwa, ama chakula changu hakimfiki tumboni, ama kuna mtu anamtoa jasho. Nikaanza na hilo la tatu. Ndivyo nilivyoumbwa.

Aliporudi jioni nilimpokea kwa tabasamu ninalowapa wateja wasumbufu.

"Chakula kilikuwaje?"

"Wee! Acha tu. Mikono yako ibarikiwe."

"Ulimaliza?"

"Si umeliona kontena?"

"Nimeliona. Limeoshwa. Wewe na kuosha vyombo mmejuana lini?"

Akakohoa. Mume wangu akikohoa bila kikohozi, jua anatafuta njia ya kutokea.

"Kazini wamelalamika kuhusu inzi," akasema.

"Aha. Na hiyo suruali, mbona imekukaa vizuri hivyo?"

Akajitazama kiunoni. "Si ushonaji wako huo, mke wangu."

"Wangu?"

"Kwani kuna fundi mwingine anayenijua?"

Alisema hivyo bila kupepesa. Kama ningekuwa sina ile suruali nyingine chumbani, iliyogeuzwa ndani nje, ningemwamini na kumpakulia tena.

Nikamvua koti nikalinusa. Nilitegemea manukato. Nikakutana na dawa ya kuchua viungo, ile kali inayochoma macho. Nikasimama katikati ya chumba nimekumbatia koti, nikijiuliza ni hawara gani huyo anayejipaka dawa ya kuchua.

"Mgongo unakuuma?" nikamuuliza.

"Hapana. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu, baba watoto."

Usingizi sikuupata. Yeye alikoroma kama kawaida, na hilo nalo likaniudhi.

Asubuhi nikaichukua ile suruali na kwenda moja kwa moja kwa Shonambio. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Alijifunza kwangu, akaondoka kwangu, akafungua banda mtaa wa pili na kuandika ubaoni kwamba yeye ndiye fundi wa haraka. Ni wa haraka kweli. Ila ana ugonjwa mmoja nilioshindwa kumtibu: akimaliza mshono anaurudisha nyuma, kisha anakata uzi kwa meno na kuacha mkia. Nilimgombeza mpaka nikachoka.

Na suruali ya mume wangu ilikuwa na mkia.

"Mwalimu!" akaruka kutoka kwenye kiti. "Karibu, karibu. Nikuletee chai?"

"Lete mkasi kwanza." Nikaitandaza suruali juu ya mashine yake. "Hii ni kazi ya nani?"

Akaitazama kwa mbali, hakuigusa. "Mwalimu, nyuzi zinafanana dunia nzima."

"Mkia je?"

Akaanza kupanga vifungo vyake mezani.

"Nakuuliza, mkia huu nao unafanana dunia nzima?"

"Mwalimu, mteja ni siri."

"Mteja ni mume wangu! Na kiuno hicho nimekijua kabla wewe hujajua kuvisha uzi kwenye sindano."

Akakaa chini. Akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja. "Alinikataza. Alisema ukiona amekonda kupita alivyoagizwa na daktari utaanza maswali. Akaniomba nishone kama wewe. Nilijitahidi sana, mwalimu."

"Hukujitahidi. Alikuja mara ngapi?"

"Mara kwa mara. Suruali zote za kazi nimezipitia. Mwanamume anaisha yule, hata mimi nilitaka kumuuliza."

Anaisha. Mimi namtia siagi kila asubuhi na yeye anaisha. Kwa mara ya kwanza hasira yangu ikasogea pembeni na hofu ikakaa mahali pake. Lakini haikukaa sana, kwa sababu yule mpumbavu hakujua kunyamaza.

"Ila yule dada anamtunza," akasema.

"Dada gani?"

Akafumba mdomo. Akaona amechelewa.

"Dada gani, we mtoto?"

"Wa sare nyeupe. Huwa anamngoja hapo nje. Mwalimu, mimi sijui chochote. Mimi nashona tu."

"Anamngoja amebeba nini?"

"Kontena tu la chakula. La rangi ya chungwa."

Langu. Kontena langu, nililolichagua mwenyewe dukani kwa sababu halipitishi joto. Niliikunja ile suruali vizuri, kona kwa kona, maana mikono ilikuwa inatafuta shingo ya mtu.

Mchana huo nilikuwa na mteja wa gauni. Nilimwacha amesimama mbele ya kioo, pini zimemjaa mgongoni.

"Fundi, unakwenda wapi?"

"Usikae," nikamwambia. "Narudi."

Nikajibanza mkabala na geti la kazini kwao, nyuma ya kibanda cha kuuza vocha, ile suruali kwapani. Nimejitanda mtandio mpaka puani. Muuza vocha akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ninayo.

Saa ya chakula wenzake wakatoka makundi makundi, wakicheka. Wangu akatoka peke yake, kontena mkononi, akipepesa macho huku na huku kama aliyeiba. Na kweli, kutoka upande wa pili wa barabara, sare nyeupe ikaja. Msichana mzuri. Sitasema uongo zaidi ya niliokwisha kusema: msichana mzuri, mwembamba, anatembea kama hana deni na mtu. Akampokea kontena. Wakaongozana.

Nikawafuata. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, na mume wangu alikuwa anatikisa kichwa. Mara msichana akamgusa bega. Ningekuwa na mkasi wangu hapo, leo hadithi hii mngeisoma kwenye ukurasa mwingine wa gazeti.

Wakapita hospitali, wakaingia kichochoro cha nyuma, kwenye nyumba ndefu ya wapangaji, ile ambayo watu hupanga chumba wakiwa na mgonjwa wao. Lakini wakati huo nilikuwa na akili ya kuwaza hayo? Niliona mlango wa kijani ukifunguka, nikaona ukifungwa. Nikasogea. Nikaweka sikio.

"Kidogo tu," sauti ya mume wangu ilisema. Sauti laini! Ile sauti ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba. "Kwa ajili yangu. Fungua mdomo."

Kisha mwanamke akacheka. "Mmh! Leo amekitendea haki."

Chakula changu. Mume wangu. Na mwanamke anakisifia! Sikubisha hodi. Niliusukuma ule mlango kwa bega, nikaingia na suruali mkononi, nikaiinua juu na kupiga kelele:

"Nani anamkondesha mume wangu humu?"

Yule msichana alikuwa amesimama dirishani anapima dawa kwenye kikombe kidogo. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kijiko hewani. Na kitandani, ameegemezwa kwa mito, shuka limefika kifuani, Blanketi langu mdomoni, alikuwa mama mkwe.

Wale mlionifuata tangu mwanzo mnamjua. Kwa wageni: huyu ndiye aliyeonja Blanketi langu mbele ya wageni wetu wote, akaweka kijiko chini na kusema, "Hiki ni cha kulishia wagonjwa." Nami nikasimama mbele ya wageni hao hao nikaapa kwamba hataonja tena chakula cha mkono wangu. Hatukuwa tumeonana tangu hapo. Nilijua yuko kwake, mbali, na mdomo wake.

Sasa mdomo ule ulikuwa umebaki peke yake usoni. Mashavu yalikuwa yamekwisha. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuchua.

"Karibu, mkwe wangu," akasema. "Ungebisha hodi ningejifunga kilemba."

Nikakaa juu ya sanduku lililokuwa mlangoni.

"Ningekwambia," mume wangu akaanza.

"Lini?"

"Uliapa! Ningekuja kukwambia nini? Mpikie mama? Nilikuwa nakuogopa." Kisha akaona aibu kwa sababu ya yule msichana, akapunguza sauti. "Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari hataki kumpasua. Moyo wake ni dhaifu, akilazwa kwa dawa ya usingizi anaweza asiamke. Akasema kitakachomponya ni chakula. Asiguse mafuta, hata tone. Na mama unavyomjua..."

"Walinipa uji wa maji," mama mkwe akasema. "Mimi!"

"Alikataa kila kitu. Kila kitu, mke wangu. Alikuwa anakufa kwa njaa mbele ya sahani. Halafu ile siku ulipogundua namna mpya ya kukipika... nilionja juu kule kwenye kreni nikashangaa. Bila mafuta, na bado ni Blanketi! Nikasema hiki atakula. Nikamletea siku ile ile. Akala. Nikalia, kweli tena."

Yule msichana wa sare akasogea na kunishika mkono. "Dada, asante. Mimi ndiye nimeajiriwa kumwangalia. Kila siku nasema natamani kumwona huyo anayejua kupika hivi bila mafuta."

Kumbe mume wangu alikonda kwa sababu alikuwa hali. Alikuwa anampa mama yake chote, yeye anashindia maji na ndizi, anarudi juu ya kreni na tumbo tupu, na anapunguzisha suruali kwa fundi wa mkia ili nisiulize. Na mimi asubuhi hiyo, kwa mkono huu huu ninaoandikia, nilikuwa nimetia siagi vijiko vya mlima.

"Na... anaendeleaje?" nikauliza.

Msichana akatazama chini. "Hapo ndipo tunachanganyikiwa. Maumivu hayaishi. Kila baada ya chakula cha mchana anajikunja. Manjano yanazidi. Daktari anasema kama mafuta hayagusi na bado hali ni hii, basi chakula hakijasaidia, hakuna njia nyingine. Kesho asubuhi anapasuliwa."

"Lakini alisema moyo..."

"Alisema," mume wangu akajibu. "Ameshasema. Tumeweka sahihi."

Kesho asubuhi. Bibi wa watu anakwenda kupasuliwa, pengine asiamke, kwa sababu daktari anaamini hajala mafuta. Na mtu mmoja tu duniani anajua kwamba amekula. Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua, Mungu wangu ni shahidi.

Simu ya msichana ikalia.

"Ni daktari," akasema. "Haloo, daktari? Ndiyo, amekula. Ndiyo... Yupo! Tena leo amekuja mwenyewe, yule mpishi." Akanigeukia anatabasamu. "Anasema kabla ya kesho anataka kuhakikisha jambo moja na wewe."

Akabonyeza sauti ya juu na kunikabidhi simu. Chumba kizima kikanitazama.

"Mama, habari," daktari akasema. Alikuwa na sauti ya upole, afadhali angekuwa mkali. "Nisamehe kwa usumbufu. Sipendi kumpasua huyu bibi. Niambie polepole, hicho chakula unatia nini?"

"Dengu," nikasema.

"Vizuri."

"Koliflawa."

"Vizuri sana. Na mafuta?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ananiangalia kwa fahari, mashavu yamembonyea, lile shati linalompwaya ndilo lililobaki kupelekwa kwa Shonambio. Alikuwa anatikisa kichwa kunitia moyo, kama mzazi anayemsikiliza mtoto akihesabu.

Ndipo nikahisi mkono. Ulitoka chini ya shuka, mkavu, wa moto, ukanikamata kifundo cha mkono na kunivuta. Nikainama. Wenzangu walidhani mama mkwe anataka kunibusu, maana msichana alianza kufuta macho.

"Nimekipika chakula hiki kabla mumeo hajazaliwa," akaninong'oneza sikioni. "Unadhani siijui siagi?"

Nikageuka kumtazama. Yale macho ya manjano yalikuwa yanacheka.

"Tangu kijiko cha kwanza," akasema. "Maumivu yanakuja baadaye. Utamu unatangulia. Nilisema, kumbe mkwe wangu amenisamehe, ananipikia kweli."

"Mama, hapana, sikujua kama ni..."

"Shh. Ukisema, narudi kwenye uji. Na wewe mumeo hatakula tena mkononi mwako." Akanibana zaidi. Sikujua mgonjwa ana nguvu zile. "Kesho nikiamka, nimeamka. Nisipoamka, nimekula. Nyamaza, mwanangu."

Mwanangu. Miaka yote ile hajawahi kuniita hivyo.

"Haloo?" daktari akasema. "Mama, upo? Nimeuliza kuhusu mafuta."

Mume wangu akacheka kidogo, akachota kijiko kingine kwenye kontena, akakipuliza kipoe, akakisogeza mdomoni kwa mama yake.

"Mjibu tu, mke wangu," akasema. "Mwambie hakuna."